Uzoefu wangu: kipimo cha dawa ya bluu kilivyomaliza ubishi wa gasketi kwenye Carina Ti

Carina Ti yangu, ya injini ya 5A, ilikuwa inachemsha kwenye milima tu. Dar es Salaam unakaa nayo foleni ya Ubungo jua la saa nane, geji imetulia katikati. Ipandishe Kitonga na abiria wake na mizigo, mshale unaanza kupanda kabla hujamaliza kona. Maji ya rejeta yanapungua, na chini ya gari hakuna hata tone.

Kila fundi alikuja na lake. Mmoja rejeta imeziba, mwingine wota pampu. Wa Gerezani akafungua mfuniko wa oili, akanionyesha utando mweupe kama maziwa ya mgando, akasema: "Bosi, gasketi imeungua hii, haina mjadala. Tushushe hedi." Yaani kufungua kichwa cha injini na kubadilisha gasketi, ile pakingi inayokaa kati yake na bloku.

Utando ule peke yake haunitoshi. Gari la safari fupifupi, hasa msimu wa mvua, hukusanya unyevu ndani ya injini, na unyevu huo ukikutana na oili pale kwenye mfuniko unafanya weupe uleule. Nilichomoa stiki ya oili nikaipangusa kwenye tishu: oili ilikuwa ya kawaida kabisa. Na kushusha hedi si gasketi peke yake. Kuna oili mpya, kulanti, taiming belti kama imechoka, hedi kupelekwa kwenye mashine, halafu ufundi. Kwa pesa hiyo mtu anataka ushahidi, ndiyo nikanunua kipimo hiki.

Ni bomba la plastiki lenye vyumba viwili, juu lina mpira wa kubonyeza, chini koni ya mpira ya kuziba mdomo wa rejeta, pamoja na kichupa cha dawa ya bluu. Gasketi ikitoboka kati ya silinda na njia ya maji, gesi ya mwako hupenya kwenye maji, na ndani ya gesi hiyo kuna kabonidayoksaidi. Ukiivuta ipite kwenye dawa, bluu inakwenda kijani, halafu njano. Kabla ya kugusa gari nilitia dawa kidogo kwenye kikombe cheupe nikaipulizia kwa mrija wa soda. Pumzi zetu zina gesi hiyohiyo, kwa hiyo ikageuka njano, nikajua dawa ni nzima. Usiruke hatua hii, maana dawa iliyokufa itakuambia gari ni zima.

Karatasi ya maelekezo haieleweki, kwa hiyo nawaeleza nilivyofanya. Fungua rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa. Ukifungua ya moto utaungua uso. Punguza maji hadi yashuke chini ya mdomo kiasi cha vidole vitatu, kwa sababu yakivutwa yakachanganyika na dawa, dawa hiyo ni ya kumwaga. Washa, acha injini ipate joto mfuniko ukiwa wazi, feni ianze kuzunguka. Kisha kandamiza koni na ubonyeze mpira polepole. Fanyia nje, mbali na sailensa, usije ukapima moshi wa gari lenyewe.

Injini ikinguruma taratibu tu bila kukanyagwa mafuta, dawa yangu ilibaki bluu. Nikabonyeza hadi mkono ukachoka, bluu. Fundi aliyekuwa amesimama pembeni alianza kucheka. Nikamwomba aingie ndani akanyage mafuta, injini ishike mzunguko wa juu kidogo na ikae hapo. Mapovu madogomadogo yakaanza kupanda kwenye mdomo wa rejeta, yanatoka kwa mpigo, hayakomi. Hewa iliyonaswa kwenye mfumo hutoka ikaisha, haya hayakuisha. Dawa ikaanza kufifia kutoka chini, ikawa na rangi ya majani machanga ya mgomba, na baada ya mibonyezo mingine ikawa njano tupu.

Hapo ndipo ninapokipenda na ninapokilaumu. Kikisema njano, na dawa ni nzima, amini. Kikibaki bluu, usimpigie mtu simu kumwambia gari limepona. Tobo dogo hufunguka injini ikiwa ya moto na ikibanwa kwa kazi, na hilo linaeleza kwa nini yangu ilichemsha Kitonga na si Ubungo. Tena gasketi inaweza kukatika upande wa njia ya oili, au ikavujisha maji nje ya injini, na dawa isione chochote.

Ushahidi wa pili ulitoka kwenye plagi. Tatu zilikuwa na ule ukahawia wa kawaida. Ya silinda ya pili ilikuwa nyeupe, safi kama iliyooshwa, kwa sababu mvuke wa maji ulikuwa unaiosha kila siku. Hedi iliposhushwa, gasketi ilikuwa imeliwa palepale, kati ya silinda ya pili na tundu la maji. Hedi ya 5A ni aluminiamu na bloku yake ni chuma. Zikichemshwa mara kwa mara hazitanuki sawa, na hedi hupinda. Yangu ilipinda kidogo, ikasawazishwa kwenye mashine.

Jambo jingine tulilolikuta: themostati, ile vali inayodhibiti maji ya kwenda kwenye rejeta, haikuwepo. Kuna fundi wa zamani aliitoa "ili gari lisichemshe," dawa ya kienyeji ya gereji zetu. Nimerudisha mpya, na mfuniko wa rejeta nao nimebadilisha, ule ulioandikwa 0.9, maana presha hiyo ndiyo inayofanya maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka.

Kwa mwenye gari moja lisilo na tatizo, kipimo hiki si cha kununua. Mtafute fundi mwenye nacho umlipe. Kwa mwenye gereji ni cha lazima. Natoa nyota nne. Ile ya tano nimeikata kwa sababu ya koni: ni ngumu, haikukaa vizuri kwenye mdomo wa rejeta yangu hadi nilipoizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, na kichupa cha dawa kinavuja kikilala.