Hevi metali Dodoma: kiingilio kimelipa, vyombo havikuutendea haki muziki

Wengi mmeniuliza kama shilingi 10,000 za kiingilio cha onyesho la muziki la Jumamosi hapa Dodoma zilikuwa halali. Zilikuwa halali, na kwa kikundi cha mwisho peke yake ningetoa hata mara mbili yake. Ila vyombo vya sauti! Hilo sitalinyamazia, maana vijana wale wa hevi metali, yaani roki ya magitaa mazito, walijiandaa na hawakustahili kusikika vile.

Vikundi vilikuwa vinne. Wa kwanza walipiga dansi, nyimbo za kukopi, kazi safi. Wa pili walikuwa wa rege, wakachelewa kupanda na wakawahi kushuka. Wa tatu walikuwa kikundi cha Wagogo kutoka upande wa Chamwino, na hapo ndipo watu walipoacha simu zao. Wanaume wakaanza na zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kisha akina mama wakabana ngoma katikati ya mapaja wakapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, mpaka sakafu ikatetema. Kumpandisha mtu yeyote baada ya akina mama wale ni kumtafutia balaa, na waliopandishwa ni vijana wa hevi metali.

Ni vijana wanne wa hapahapa mjini: dramu, besi, magitaa mawili, mmoja wa wapiga gitaa ndiye mwimbaji. Jina la bendi bado hawajaafikiana, walisema wenyewe jukwaani. Wanaimba Kiswahili. Wimbo wao wa pili unahusu ukame na ng'ombe waliokufa, na mtu wa Dodoma haulizi maana yake mara mbili.

Jirani yangu aliniambia hizi ni kelele za Wazungu. Chimbuko ni huko kweli. Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa kiwandani, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni wa mashoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimtese. Sauti ya gitaa ikashuka, ikawa nzito, na uzito huo dunia nzima ikaufuata. Na kuhusu ile sauti ya kuguruma ya waimbaji wa metali, mtu aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003, akiishusha sauti hadi chini kabisa kooni na kuipandisha tena, hana sababu ya kuikimbia.

Sasa vyombo. Vijana wetu nao wamelegeza nyuzi, tena sana. Gitaa likilegezwa hivyo, sauti zake za chini zinaingia kwenye eneo la besi na ngoma kubwa. Fundi mitambo anatakiwa apunguze besi, ayape magitaa nafasi yao katikati, na ngoma kubwa isikike kwa mlio mkavu. Huyu alipanga kila kitu kama yuko harusini: besi imejaa, mwimbaji juu ya wote, magitaa yamezama. Mpiga dramu anatumia kanyagio mbili za ngoma kubwa, miguu inapishana kwa kasi ya ajabu. Niliiona ile miguu, lakini masikioni nilipata mvumo mmoja tu. Niliumia kwa niaba yake.

Baada ya nyimbo mbili mpiga besi akashuka jukwaani mwenyewe, akaenda kuongea na fundi, kwa adabu, bila kugombana. Besi ikapungua. Wimbo wa tatu ulipoanza, ukumbi mzima ulishtuka. Magitaa mawili yakasikika kila moja peke yake, hili linakata, lile linajibu, na miguu ya mpiga dramu ikahesabika pigo kwa pigo. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) waliokuwa mbele wakaanza kutikisa vichwa, na mzuka haukushuka tena mpaka mwisho.

Kwenye wimbo wa taratibu, mama mmoja wa muheme aliyekuwa ameketi pembeni alianza kuitikia kwa viganja kwenye ngoma yake. Mpiga dramu akamsikia, akaachia kanyagio, wakapiga wawili tu kwa muda. Haikupangwa, ilionekana. Nawaomba waipange. Metali iliyojengwa juu ya muheme sijaisikia popote, na watu wa kuifanya wanaishi mkoa mmoja.

Kwa waandaaji: bendi ya aina hii ipeni saa nzima ya kujaribu sauti mchana, tena na fundi aliyewahi kuusikia muziki wenyewe. Na msiwapandishe saa tano usiku, wakati wanaotegemea daladala wameshaondoka.

Kwako unayetaka kwenda safari ijayo, simama karibu na meza ya fundi mitambo, sauti hukaa sawa zaidi pale kuliko mbele ya spika. Vizibo vya masikio bebeni, hasa mkienda na watoto.