Vihisi vya ziwani na blokucheni: ufunguo wangu ulikaa kwenye simu ya fundi

Sitaitaja kampuni kwa jina. Bado nina mkataba nao, na vidude vyao bado vinaning'inia kwenye vizimba vyangu. Ila wewe unayefuga sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria hapa Mwanza, upande wa Igombe, Kayenze, Luchelele au kule Sengerema, ukifuatwa na vijana wanaouza "vihisi vyenye ulinzi wa blokucheni" (vihisi ni vidude vya kupima maji, blokucheni ni daftari la kidijitali lenye nakala nyingi, ambalo kilichoandikwa hakibadilishwi kirahisi), soma hii kwanza ndipo usaini.

Naanzia ofisini kwao mjini, maana hasira yangu iko pale. Nimefika asubuhi, sijalala, kanga inanuka samaki waliokufa. Namweleza kijana wa mezani kwamba programu yao inanikatalia kumpa mtu wa bima ruhusa ya kuona vipimo vya vizimba vyangu, inanidai ufunguo ambao sijawahi kuuona. Akanisikiliza huku anabonyeza simu yake. Nilipomaliza akasema, "Mama, haya mambo ya blokucheni ni ya kitaalamu kidogo. Huna kijana nyumbani akuelezee?"

Hata pole hakunipa. Mtu amekuja na msiba wa vizimba, unaanza na pole, hilo halihitaji utaalamu. Vijana nyumbani ninao, na ada zao za shule zimetoka kwa samaki haohao. Mwenye vizimba ni mimi, risiti ya vihisi ina jina langu, na kila mwezi anayelipia huduma ni mimi. Nikamwambia basi nielezee wewe, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Akajibu kwamba data zimesimbwa, yaani zimegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, hata wao kampuni hawawezi kuzifungua, "na huo ndio uzuri wake." Akarudi kwenye simu yake.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa kipupwe, upepo wa kusini umevuma siku kadhaa bila kupumzika. Wafugaji wa ziwani wanajua maana yake: maji ya chini, ambako takataka zinaoza na oksijeni imekwisha, yanakorogwa na kupanda juu. Halafu kuna mwani, ambao mchana unatoa oksijeni lakini giza likiingia nao unaivuta. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, kabla jua halijatoka. Sato anataka kama miligramu 5 za oksijeni kwa lita moja ya maji ili ale na kukua vizuri, na ikienda chini ya 3 anateseka. Simu yangu ililia tahadhari, na hapo nawapa haki yao, ililia kabla mlinzi hajanipigia. Tulipofika na mtumbwi, tochi ikawamulika sato wamejaa juu, midomo imeelekea angani, wanafungua na kufumba, wengine wameshalala ubavu na tumbo jeupe liko nje. Maji yalikuwa ya kahawia na yananuka. Tukakimbiza pampu ya hewa kwenye vizimba viwili vya karibu, vikapona. Vingine hatukuviwahi.

Bila ile tahadhari ningepoteza vyote. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa kila nikikumbuka lile jibu la "huna kijana" natamani kulifuta.

Kwa nini niliingia kwenye huduma hii? Si kwa ajili ya kupima, kipimo cha mkononi hata cha kukodi kinapatikana. Niliingia kwa ajili ya siri. Mnunuzi akijua oksijeni yako imeshuka, anajua utavua kwa lazima kabla samaki hawajafa, na bei anaipanga yeye. Mwizi naye akijua kizimba kipi kina samaki wa kutosha na kihisi kipi kimezimika, usiku huo anakuja. Wale vijana waliponiambia kwamba vipimo vitafungwa, nitachagua mwenyewe nani aone nini, na kwamba hakuna atakayeweza kuvibadilisha baadaye, nilifurahi kwelikweli. Niliwatangaza kwa wenzangu wote pale mwaloni.

Basi baada ya kuambiwa sielewi, nimesoma. Nimesoma mpaka macho yakauma, na ninayoandika hapa chini yeye angeweza kuniambia kwa dakika kumi.

Kihisi kinapima joto na oksijeni, kisanduku cha nchi kavu kinazipokea namba, kinazisimba, kinazituma kwenye seva. Kwenye blokucheni vipimo vyenyewe havikai. Kinachoandikwa kule ni hashi, yaani alama ya herufi na tarakimu 64 inayotokana na vile vipimo kwa njia iitwayo SHA-256. Badilisha namba moja tu, 4 iwe 5, hashi inageuka yote. Na kila bloku, yaani kila ukurasa wa daftari hilo, inabeba hashi ya ile iliyotangulia, kwa hiyo anayetaka kuchakachua kipimo cha juzi inabidi achakachue na kila kilichoandikwa baada yake, kwenye nakala zote. Utaratibu huu ndio uliobeba Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, tangu Januari 2009, na nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta za watu wasiojuana.

Upande wa kushirikishana, kila mtu ana funguo mbili, moja ya wazi na moja ya siri. Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo hilo mwaka 1976, si uchawi wa juzi. Nikitaka mtu wa bima aone vipimo vya wiki moja, natumia ufunguo wangu wa siri kufungua, kisha vinafungwa upya kwa ufunguo wake wa wazi, na yeye peke yake anafungua kwa wake wa siri. Mnunuzi haoni, mwizi haoni, kampuni haioni. Ni jambo zuri sana, na nalisema kwa moyo wote.

Lakini kila kitu kinasimama juu ya ule ufunguo wangu wa siri, na ufunguo huo hutoka pamoja na maneno 12 ya Kiingereza yasiyo na maana yoyote yakipangwa pamoja, ambayo mwenye data anatakiwa kuyaandika kwenye karatasi na kuyaficha. Mimi sikupewa karatasi. Siku ya kufunga mitambo, fundi wao alitengeneza ufunguo kwenye simu yake, akaunganisha vihisi, akanipa nenosiri la kuangalia grafu, akaniambia "tayari mama, uko salama." Nenosiri hilo linaonyesha. Haliruhusu kumpa mtu mwingine chochote.

Fundi mwenyewe alikuwa ameshaacha kazi.

Niliporudi ofisini mara nyingine, sikwenda mezani kwa yule kijana. Nilimwomba meneja, nikamwekea mbele Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jina langu, namba yangu ya simu, na mahali vizimba vyangu vilipo wanavyo. Nikamuuliza: mtu aliyeondoka hapa kazini ameondoka na nini changu? Meneja, tofauti na kijana wake, alikuwa mstaarabu. Alinipa kiti, akanipa pole, akaanza kupiga simu mbele yangu. Fundi akapatikana. Yale maneno 12 yalikuwa kwenye simu yake, yamepigwa picha, yamekaa pamoja na picha za harusi na za mpira.

Picha! Miezi yote hiyo nilikuwa naambiwa hata kampuni haiwezi kufungua, kumbe yeyote ambaye angeazima simu ya fundi, au kuiiba, au kuipeleka kwa wa kutengeneza vioo, alikuwa na vizimba vyangu vyote mkononi, na uwezo wa kumgawia amtakaye. Nilitetemeka pale kwenye kiti. Walinitengenezea ufunguo mpya siku ileile, safari hii kwenye simu yangu, maneno nikayaandika mwenyewe kwa kalamu. Vipimo vya nyuma vikahamishiwa kwenye ufunguo huo.

Nikaenda kwa mtu wa bima, na hapa tena inabidi nigeuze maneno, maana haki ni haki. Alikuwa ameshaanza kuniambia kwamba pengine samaki walibanana kupita kiasi au chakula kilizidi. Nikampa ruhusa. Akaona mstari wa oksijeni unatoka juu ya 6 jioni na kuporomoka chini ya 2 kabla ya mapambazuko. Akaweka hashi ya vile vipimo pembeni ya ile iliyoandikwa kwenye blokucheni usiku uleule. Zikalingana, tarakimu kwa tarakimu. Hoja ya chakula ikaishia hapo. Hawakunilipa yote niliyodai, ila walilipa. Jirani yangu aliyekuwa anaandika vipimo kwenye daftari, kwa uaminifu kabisa, asubuhi na jioni, aliulizwa nani anathibitisha kwamba hukuandika jana. Iliniuma sana, maana samaki wake walikufa na upepo uleule.

Kwa hiyo nisemeje, nunueni au msinunue? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue. Sasa siwezi. Lakini kuna mambo mawili hawa vijana wa mabegi hawayasemi, na bila kuyasema mtaumia.

La kwanza ni mwani. Unaota kwenye kichwa cha kihisi, utelezi wa kijani, na usipokisugua mara kwa mara kinasoma uongo. Blokucheni haijui kama kihisi ni kichafu. Itaupokea uongo, itaupiga muhuri, na hakuna atakayeufuta. Mimi mlinzi wangu anavisugua kwa brashi laini kila wiki, na hilo nilijifunza kwa wafugaji wenzangu, kampuni haikunifundisha.

La pili nilimuuliza meneja: nakala za hiyo blokucheni anazo nani? Akasema ziko kwenye klaudi, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Ya nani? Ya kampuni. Zote? Akanyamaza kidogo, akasema kuna mpango wa kuwaingiza washirika. Sasa kama nakala zote ziko kwa mtu mmoja, hilo ni daftari la duka lenye mnakili mmoja, anaweza kulichana na kuandika jipya usiku na asubuhi tukaambiwa halijaguswa. Nataka chama chetu cha wafugaji kiwe na nakala yake, na bima iwe na yake, kila mmoja kwenye mashine yake. Nimewaandikia barua, na nimeambatanisha malalamiko kuhusu yule kijana wa mezani. La nakala wamejibu kwamba linafanyiwa kazi. La kijana hawajajibu, na sitaliacha.

Mkataba unaisha kabla ya kipupwe kijacho. Kama kuna anayefunga vihisi hapa Mwanza, akamwachia mfugaji maneno yake 12 mkononi siku ya kwanza, na anaweza kunionyesha nakala za daftari lake ziko kwa nani, aniandikie hapo chini. Nahama.