Kujitolea kulinda kasa Pemba: niseme nendeni au msiende?

Hasira hizi ninazo tangu kusi lilipoanza kupiga, na bado hazijapoa. Mimi mtu wa Chake Chake, Pemba, ninaishi mjini Unguja, nikalipa ada yangu nikajitolee siku chache kulinda kasa kwenye ufuo mmoja wa Pemba. Chakula na malazi sina neno. Neno langu ni la usiku mmoja tu.

Mzee aliyetuongoza alikuwa mvuvi, na hafichi kwamba ujanani aliwavua kasa akawala. Leo ndiye anayeusoma mchanga usiku: akiona nyayo anajua kasa ametaga au amerudi baharini na mayai yake. Nilimwona akihamisha mayai yaliyotagwa chini mno, pale maji ya bamvua yangeyafikia. Mia na ushei, moja moja, kila yai akililaza vilevile lilivyokuwa, maana ukiligeuza, kilichomo kinaweza kufa. Mikono imepasuka kwa chumvi, lakini mipole kama ya mkunga.

Basi shimo jingine, alilolihesabia siku karibu miezi miwili, likaanza kutikisika mchanga. Mzee akatuomba tuzime taa zote. Watoto wa kasa hufuata nuru, na usiku upande wa bahari ndio wenye nuru. Ukiwasha tochi wanakugeukia wewe, wanachoka, kaa wanawamaliza. Tukazima. Mgeni mmoja akawasha simu apige video. Mzee akamwambia taratibu, "Zima, mwanangu, utawapoteza." Msimamizi wetu, kijana ambaye mzee yule angeweza kumzaa, hakumgeukia mgeni. Alimgeukia mzee: "Wewe kaa nyuma. Hawa wamelipa."

Hawa wamelipa! Mbele ya watu wote! Mzee akasema "haya", akaenda kukaa chini ya mvinje. Taa ikaendelea kuwaka, na kwa macho yangu nikahesabu tisa wakigeuka kuelekea majanini. Nilimwambia msimamizi yule maneno nisiyoweza kuyaandika. Akaniambia kama nina malalamiko nijaze fomu. Nikaijaza. Mpaka leo kimya.

Nilikaa kuandika niwaambie msiende, pesa zenu zibaki mfukoni. Lakini kwetu kasa bado analiwa. Machi 2024, Kisiwa Panza, nyama yake iliua watu tisa, wanane kati yao watoto wadogo, na 2021 Pemba ilikuwa imeshazika wengine kwa nyama hiyohiyo. Anayepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu kwamba sumu ile haitoki hata ukichemsha vipi ni mzee yule, si msimamizi. Na posho yake inatoka kwenye ada zetu hizo hizo. Tukisusa, wa kwanza kukosa ni yeye.

Nendeni, basi. Hapana, ngojeni: kabla ya kulipa, ulizeni nani mwenye kauli ufuoni usiku, mzee au mwenye simu. Wakijibabaisha, rudini zenu. Nikikumbuka lile "kaa nyuma" hata hilo naliandika kwa shida.

Alfajiri nilimkuta mzee peke yake, amepiga magoti majanini na ndoo, anawatafuta. Nikamshikia ndoo. Alipata watano, akawashusha mwenyewe mpaka majini.

Mimi nilihesabu tisa.