Gereji kwenye kiwanja cha mteremko: uzoefu wangu na mkandarasi

Kiwanja chetu kinapanda kutoka barabarani. Makandarasi niliozungumza nao mwanzo walitaka kuiweka gereji juu, ubavuni mwa nyumba, na njia ya gari ingepanda mita 1 kwa kila mita 4. Mvua ikinyesha, hapo ni kuserereka tu. Niliyempa kazi alipima leveli kwanza, akashauri tukate kilima na kuiingiza gereji ndani yake, chini karibu na barabara. Kwa ushauri huo peke yake alistahili malipo.

Kazi waliyoifanya vizuri kupita zote ni ukuta wa nyuma. Huo haubebi paa tu, unazuia kilima. Basi haukujengwa kwa matofali kama kuta nyingine. Ulimwagwa zege lenye nondo, na kitako chake kipana kinarudi nyuma chini ya udongo, ili uzito wa udongo huohuo usaidie kuushikilia. Mgongoni wakapaka lami, wakaweka kokoto, na chini kabisa bomba lenye matundu, limefungwa kitambaa lisizibwe na tope, linaloteremkia nje. Udongo uliolowa husukuma kwa nguvu kubwa, na kuta za aina hii mara nyingi huanguka kwa sababu maji yamekosa pa kutokea. Fundi mkuu alikataa kurudisha udongo kabla zege halijakomaa (nguvu yake hupimwa likifikisha siku 28). Nilikereka kuliona shimo wazi muda wote huo, ila alikuwa sahihi. Waliporudisha, walishindilia kila tabaka la sentimita 20 hivi kabla ya kuongeza jingine.

Jamvi (zege la sakafu) na paa havina hadithi. Sakafu ina mwinamo mdogo kuelekea mlangoni, maji ya gari lililolowa hayatuami.

Sasa malalamiko. Hesabu ya malori ya kubeba udongo ilifanywa kwa ukubwa wa shimo, wakati udongo ukishachimbwa hulegea na kuvimba, robo nzima au zaidi. Mtu wa kazi hii analijua hilo fika! Malori ya ziada nikaletewa kama dharura, na tulibishana sana mpaka wakakubali kubeba nusu ya gharama.

La pili ni kipande cha njia kati ya barabara na mlango. Walikimwaga kimenyooka, kikakutana na sakafu kwa pembe kali, na gari likawa linakwaruza tumbo kila likiingia. Wakavunja na kumwaga upya kwa gharama yao, safari hii wakalainisha pembe juu na chini. Hawakulalamika, lakini tulichelewa.

Kwa kuchimba na kwa ukuta, ningewaita tena bila kusita. Makisio ya malori ningetaka yaandikwe kwenye mkataba, na mchoro wa njia niuone kabla zege halijachanganywa.