Tahadhari: muuzaji wa Land Rover 109 ya zamani jijini Dar es Salaam anayechukua kishika uchumba kwa watu wengi

Ndugu zangu mnaotafuta magari ya zamani ya kufufua, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza Land Rover 109, ile ya bodi ndefu, mara akisema ipo Tabata na mara Kigamboni, kwa shilingi milioni nane na nusu "maongezi yapo". Gari lenyewe lipo, nimeligusa kwa mikono yangu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba tapeli ni yule anayeuza kitu kisichokuwepo. Huyu anakuonyesha gari, anakuacha ulizunguke utakavyo, kisha anapokea kishika uchumba chako, yaani malipo ya awali, kama alivyopokea vya waliokutangulia, na kadi ya usajili anayokuonyesha si ya gari hilo. Sitataja jina lake wala namba zake za simu, kwa kuwa suala limeshafikishwa polisi, na pia kwa kuwa vyote viwili huvibadilisha kila anaposhtukiwa.

Tangazo lake linatambulika kirahisi. Picha zote zimepigwa kwa nyuma na upande wa kushoto, namba ya usajili imefunikwa kwa kitambaa, boneti halijafunguliwa hata katika picha moja, na maelezo yanasema kwamba gari ni la mwaka 1968, mali ya marehemu mzee wao, lilikuwa shambani Morogoro na linahitaji "marekebisho madogo madogo". Aliyewahi kufufua gari la umri huo anajua kwamba marekebisho madogo madogo hayapo, lakini hayo ni maneno ya biashara na simshitaki nayo.

Utapeli unaanzia kwenye kadi. Aliyonionyesha ilikuwa kopi, imeandikwa mwaka 1968, na namba ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, inaanza na tarakimu 2, jambo linaloendana na Land Rover ya Series IIA, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1961 hadi 1971. Gari lililosimama mbele yangu lilikuwa Series III, toleo lililofuata. Mita zake ziko mbele ya dereva, nyuma ya usukani, wakati kwenye IIA zimekaa katikati ya dashibodi. Grili yake ni ya plastiki, wakati ya IIA ni ya chuma. Grili mtu anaweza kuibadilisha mchana mmoja, na kwa kweli Land Rover nyingi za zamani hapa nchini zimevaa vipande vya magari matatu au manne, kwa hiyo grili peke yake isingenitia shaka. Dashibodi ni jambo jingine, maana imefungwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na ukuta huo haubadilishwi mpaka gari livuliwe karibu lote. Tena Series III za miaka ya 1970, kabla ya kuanza kwa mfumo mpya wa namba ndefu, zilikuwa na namba za chesisi zinazoanza na 9.

Nikainama kutazama chesisi. Kwenye magari haya namba hugongwa kwenye hanga ya springi ya mbele upande wa kulia, pale ncha ya springi inaposhikiliwa, na kwa gari lililokaa muda mrefu nje huwa imeliwa na kutu kiasi kwamba inabidi uisugue kwa brashi ya waya na kuipaka chaki ndipo uisome. Ya gari hili ilisomeka kabla sijapiga goti. Tarakimu zilikuwa na kingo kali, hazikukaa kwenye mstari mmoja, 8 imezama kuliko wenzake, na kipande chote kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi ambayo ilikuwa bado inanuka, ilhali nyuma yake kidogo tu fremu ilikuwa inabanduka matabaka kwa kutu. Nilipopitisha kidole kwa chini nikakuta mshono wa kulehemu umezunguka hanga yote. Ama hanga imekatwa kwenye gari jingine ikapachikwa hapo, ama namba imegongwa upya. Vyovyote iwavyo, chesisi inayobeba gari hilo si ile iliyoandikwa kwenye kadi. Kibati cha kiwandani chenye namba ya chesisi, ambacho kingeweza kutusaidia, muuzaji alisema kilianguka shambani.

Kwa wasio na uzoefu na magari haya, naomba nieleze kwa nini jambo hili lina uzito. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na imefungwa kwa boliti kipande kwa kipande, hivyo milango, mabawa na boneti vinaweza kutoka popote na gari likabaki kuwa lile lile, lakini mbele ya TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, gari linatambulika kwa chesisi yake. Namba zisipolingana, uhamisho wa umiliki utakwama, na utabaki na rundo la vyuma ulilolinunua kwa bei ya gari. Ikibainika kwamba chesisi ni ya gari lililoibwa, mali itazuiliwa polisi na wewe ndiwe utakayeulizwa ulikolipata. Aluminiamu hiyo hiyo ndiyo inayowadanganya wanunuzi wa mjini hapa, kwa sababu bodi haioti kutu hata kwa upepo wa bahari, ikang'arishwa kidogo inapendeza, wakati fremu ya chuma chini yake imekwisha. Nendeni na sumaku, hata ile ya spika mbovu inatosha, muipitishe kwenye fremu yote. Pale isiposhika ujue pamepakwa puti juu ya tundu. Kwenye gari hili sumaku ilianguka mara kadhaa sehemu ya nyuma ya fremu.

Kuna pia hadithi ya marehemu. Muuzaji anakuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo, una sahihi nyingi na muhuri wa serikali ya mtaa, na anautumia kama ushahidi kwamba amepewa ruhusa ya kuuza. Muhtasari huo ni hatua ya kwanza tu. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na anayo barua ya uteuzi kutoka mahakamani inayotaja namba ya shauri, ambayo mnunuzi anaweza kwenda kuihakiki. Nilipoiomba barua hiyo, sauti ikabadilika, nikaambiwa "mkubwa, wewe unataka gari au unataka kesi?", na dakika hiyo hiyo akatokea Mzungu wa kwenye simu ambaye kesho asubuhi angekuja na fedha taslimu. Niliondoka bila kulipa.

Waliolipa nimewapata baadaye kupitia mafundi wa Gerezani, kwa kuwa magari ya aina hii hayana watu wengi wanaoyashughulikia na habari hazichelewi kufika. Mmoja alitoa shilingi 1,500,000 na mwingine 2,000,000, kila mmoja akiamini kwamba gari limeshawekwa alama ya jina lake. Fedha zote zilitumwa kwa simu kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ambaye muuzaji alimwita shemeji yake. Mmoja wao aliongezewa na gharama ya bredauni ya kulivuta gari hadi gereji, akalipa, na bredauni haikufika. Mkataba waliopewa ni karatasi moja isiyo na namba ya chesisi wala namba ya injini, haina shahidi, na haikupita kwa wakili yeyote.

Ukitaka kununua gari kama hili kwa mtu yeyote, mwambie muongozane hadi ofisi ya TRA akiwa na kadi halisi, taarifa za gari zihakikiwe mbele yenu wote, na umiliki uhamishwe kabla au wakati ule ule wa malipo. Mwenye mali halisi atalalamikia foleni, lakini atakuja. Ulizia pia habari za injini, kwa kuwa nyingi za Land Rover hizi zimeshavishwa injini za Toyota au Nissan, na mabadiliko hayo yanapaswa kuonekana kwenye kadi. Akisema kadi ipo benki kwa dhamana ya mkopo, malipo yafanyike benki hapo hapo, si kwa shemeji.

Kwa aliyekwisha kutuma fedha, toeni taarifa kwa kampuni ya simu mara moja, kwa sababu muamala unaweza kuzuiliwa endapo fedha hazijatolewa, kisha nendeni kituo cha polisi na ujumbe wote mlioandikiana, msifute hata salamu. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, na malalamiko ya watu kadhaa dhidi ya mtu mmoja yana nguvu kuliko la mmoja. Namba zake zinazotumika kutapeli zitumeni kwenda 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli, ili zifuatiliwe. Msiende kumvizia nyumbani kwa vitisho, maana mmoja wetu alijaribu, na aliyeishia kuandika maelezo kituoni ni yeye.

Tangu juzi tangazo limerudi. Gari ni lile lile, nimelitambua kwa bonde lililopo kwenye bawa la nyuma la kushoto na kwa kitambaa kilichofunika namba, ila sasa bei imeshuka hadi milioni saba, mwaka umekuwa 1974, na marehemu mzee ameondolewa. Linauzwa kama gari lililonunuliwa kwenye mnada wa serikali. Atakayepigiwa simu kuhusu hilo aombe hati ya mnada na risiti ya malipo ya serikali kabla ya kupanda daladala kwenda kulitazama.