Matembezi ya viungo Kizimbani na Kidichi: yanatufaa sisi wenyeji?

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sina simu wala jiko la gesi la kukuonesheni. Leo nachambua matembezi: nusu siku kwa miguu kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, hapa hapa Unguja, pamoja na muongozaji, na chakula cha mchana bustanini. Wengine najua mna haraka, kwa hiyo jibu nalitoa mwanzo: yanafaa, na sisi wenyeji tunaweza kuyafaidi kuliko mgeni yeyote. Ila mwambieni muongozaji azungumze Kiswahili tokea hatua ya kwanza, na msimruhusu akimbie.

Nasema hivyo kwa sababu matembezi haya yamezoeleka kwa mtu anayeuona mdalasini kwa mara ya kwanza. Muongozaji anakata jani, anakunusisha, unakisia, watu wanacheka, mnasogea mti wa pili. Sisi hatuna haja ya kufumbiwa hiliki, tumelelewa nayo. Tunachotaka ni kujua inaota vipi, inachumwa vipi, na nani aliumia mgongo kwa ajili yake. Muongozaji wetu ni mtu mzima, mzaliwa wa huko huko shamba. Tulipomwambia, "Mzee, sisi watoto wa hapa, tueleze kama unavyowaeleza wajukuu zako," alisimama, akacheka, akaweka kisu chake mfukoni, na kuanzia hapo tukapata matembezi mengine kabisa.

Hiyo hiliki, kwa mfano. Mmea wake una majani marefu kama ya tangawizi, unakupita kimo, na macho yako yote yatatafuta punje huko juu. Hazipo. Zinatoka chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, na mchumaji anazifuata ameinama. Ukimuona mtu alivyokunjika kwa kiganja kimoja tu cha hiliki, bei ya sokoni huilalamikii tena.

Pilipili manga inapanda juu ya mti wa mwenzake, na punje ni hizo hizo: zikichumwa mbichi zikaanikwa na ganda lake zinakuwa nyeusi, zikiachwa ziive zikaroweshwa na kumenywa zinakuwa nyeupe. Mdalasini tulikwanguliwa gome, halafu tukafukuliwa kipande cha mzizi, na mzizi ule unanuka karafuu maiti waziwazi. Mti mmoja, harufu mbili zisizofanana hata kidogo. Kungumanga lilipasuliwa mbele yetu, na lile basbasi jekundu lilivyoikumbatia kokwa, jamani, nimelipiga picha lakini picha haisemi kweli.

Kwenye vanila tulikaa sana, na mimi ningekaa zaidi. Ua lake linafunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Mtu anapita ua kwa ua na kijiti, anainua kile kijingozi cha ndani, anabana kwa kidole gumba, basi. Kisha ganda linasubiriwa mtini miezi kama minane au tisa. Njia hiyo aliivumbua Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 tu, mtumwa kwenye kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, na vanila inayolimwa karibu dunia nzima mpaka leo inategemea vidole vya yule mtoto.

Sasa karafuu. Mkarafuu kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Kizimbani, shamba la Saleh bin Haramil, linatajwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa. Halafu Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar wakati huo, akahimiza upandwe kila pahali. Mwaka 1872 kikaja kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na ndiyo maana hadi leo ukisema karafuu unasema Pemba. Haya mengi tumeyasoma skuli, lakini kuyasikia umesimama chini ya mti wenyewe, vikonyo vimejaa mkononi na kidole kinanata mafuta, ni kitu kingine.

Na zile karafuu za mwanzo nani alizichuma? Muongozaji wetu hakuliruka swali hili, na hapo ndipo aliponipata. Alisema watumwa, akalisema taratibu, na watoto tuliokuwa nao wakimsikiliza. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897. Miaka 24 soko limefungwa, na huku mashambani watu bado ni mali ya watu. Mtu akikutembeza kwenye mashamba haya asiligusie hilo, amekutembeza nusu, na pesa yake mngempa nusu.

Kutoka mashambani mnapanda kilima hadi kwenye hamamu za Kidichi. Sayyid Said alizijenga kwa ajili ya mkewe Shehrzade, bibi wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, yaani mfalme wa Uajemi, mnamo mwaka 1850. Nje ni jengo jeupe la makuba, wala halikuiti. Ingia ndani utazame juu. Mafundi walichora kwa chokaa maua na ndege, kazi ya Kiajemi, haifanani na majengo ya Kiomani tuliyoyazoea Mji Mkongwe. Mwanga unashuka kutoka kwenye kuba, na ukisema neno sauti inakuzunguka. Hapo pahala pa kuoga na kupumzika baada ya kukagua mashamba au kutoka kuwinda, maana bibi yule alikuwa mpandaji farasi na mpenda kuwinda. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, amemueleza hivyo katika kumbukumbu zake. Nusu saa inatosha. Hakuna samani, hakuna maonesho, ni kuta na mwanga, na bila ya mtu wa kukusimulia utatoka ukisema hukuona kitu.

Chakula sasa! Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, jamvi limetandikwa, birika na bakuli la kunawia tayari. Pilau ililetwa kwenye sinia, na mama aliyepika akatuambia, "Kuleni wanangu, msione haya, huyu samaki kaletwa leo asubuhi." Samaki ni changu, mchuzi wa nazi. Kulikuwa na mchicha, kachumbari, pilipili ya kusaga, na mashelisheli ya nazi. Naomba nisimame kwenye mashelisheli. Tui zito, chumvi imekaa sawa, binzari kidogo tu ya kubadilisha rangi, na kipande hakikuvunjika mpaka kimefika mdomoni. Kwenye hoteli za mjini ni nadra kulipata shelisheli limepikwa hivyo, na mgeni analetewa viazi vya kukaanga wakati shelisheli liko mtini nyuma ya jiko! Mkiagiza chakula, liulizieni kwa jina.

Kilichoipa pilau ile ladha zaidi ni kwamba asubuhi yake yote tulikuwa mikononi na vitu vilivyokuwa ndani yake. Watoto waliokuwa wakizitoa pilipili manga pembeni ya sahani siku zote, siku ile walizitafuta wenyewe, "Hii ndiyo ile iliyopanda mtini!" Wapelekeni watoto, hasa wa mjini, wanaoijua karafuu kutoka kwenye kibakuli tu. Mwisho ikaja chai ya mchaichai na tangawizi, na machenza. Sukari ilikuwa nyingi kwangu, semeni mapema kama mnapunguza.

Nisichokipenda nakisema pia. Kuna kijana anakwea mnazi huku anaimba, kisha mnavishwa kofia na tai za makuti. Kijana ana ufundi wa kweli na apewe chochote, lakini kwetu sisi mnazi si ajabu, na muda ule ningeutumia kwenye vanila. Mwambieni muongozaji mapema aufupishe. Na kwenye meza ya kuuzia, nunueni mdalasini, kungumanga na vanila, mkiuliza kipi kimetoka shamba lile lile. Zafarani msinunue. Zafarani hailimwi hapa, na ile ya bei rahisi kwenye kipakiti cha plastiki ni kitu kingine kilichopewa jina lake.

Bei mpatane kabla hamjaanza, na muulize waziwazi kama chakula kimo ndani na kama kuna bei ya wenyeji. Daladala za Bububu zinawasogeza, kisha mnapanda gari la Kidichi au bodaboda. Vaeni viatu vya kufunga. Kati ya Machi na Mei ni masika, njia za mashambani zinakuwa matope matupu, hapo mzee mwenye magoti mabovu msimchukue. Anayetaka kuona karafuu zikichumwa na kuanikwa kwenye majamvi asubiri kuanzia Julai. Ramadhani nendeni kwa mashamba na hamamu tu, chakula cha mchana hakuna.

Chakula kiagizwe siku moja kabla, ili mama apate kwenda kununua samaki mapema. Mpango uliotufaa sisi ni huu: saa mbili asubuhi mashambani jua halijakali, saa tano mnapanda hamamuni, mnateremka kusali adhuhuri, na saa saba mko jamvini.