Alamu ya nyumba iko poa, shida ni zile sekunde za kuingia
Mashine naipa nne kwa tano, fundi aliyeifunga mbili tu. Aliacha sekunde 30 za kuingia (muda wa kuizima ukishafungua mlango, kabla haijalia) na 60 za kutoka (muda wa kuondoka ukishaiwasha) bila hata kutuuliza, na mama goti linamsumbua, afungue grili, apapase swichi ya korido, akifika kwenye kibao cha namba king'ora kishalia zamani na majirani wako nje na kanga zao. Nikaongeza hadi 45, bado! Kumbe sensa ya korido ilisetiwa ilie papo hapo, ikabidi niibadilishe isubirie pamoja na mlango wa mbele, sasa mama anaingia kwa raha zake. Madirisha nimeyaacha yalie hapohapo, huko hatupiti sisi.